Umepata jibu? Haya, nieleze limetoka wapi

Msomaji mmoja kaniandikia wiki hii. Fumbo langu la maneno lililopita alilimaliza lote, mlalo na wima, ila kidokezo kimoja kikamkaa kooni: "Mdudu ni ndege asiyeruka (5)". Anasema amejaza MBUNI kwa sababu herufi za maneno yanayokatiza zimekubali, na mbuni kweli haruki, lakini huyo mdudu kaja kufanya nini hapo? Na je, jibu la namna hii linahesabika?

Halihesabiki. Najua si hilo ulilotaka kusikia, na pengine umeshajaza kwa kalamu ya wino, lakini ningekuwa msahihishaji ningekupa nusu. Mdudu yule ni mbu. Neno "ni" ni NI, limesimama pale peupe, nawe umeliruka kwa sababu macho yetu yamezoea kuliruka. MBU, kisha NI. Na "ndege asiyeruka" ndiyo fasili. Maneno manne, yote yamefanya kazi, hakuna hata moja lililokuja kutembea. Nilipolitunga hilo nilijipongeza mwenyewe, na sioni haya kusema. Ni kidokezo kizuri.

Kwa anayeingia leo, kidokezo cha kriptiki hukupa njia mbili za kufika kwenye jibu moja. Ya kwanza ni fasili, kama utakayoikuta kwenye kamusi, nayo hukaa mwanzoni au mwishoni mwa kidokezo. Ya pili ni mchezo wa herufi: maneno yanaunganishwa, yanakatwa, yanapanguliwa, yanafichwa ndani ya mengine. Namba iliyo kwenye mabano ni idadi ya herufi za jibu. Ile sentensi unayoisoma juu juu, yenye mdudu na ndege, imewekwa kukupoteza. Ukianza kuwaza habari za wadudu wanaoruka, umekwisha.

Mimi mchezo huu niliujua kupitia magazeti ya Kiingereza, maana huko ndiko ulikokulia. Fumbo la maneno la kawaida lilianzia Marekani, Desemba 1913, Arthur Wynne alipolichapisha katika New York World. Waingereza ndio walioligeuza kuwa la hila. Mwaka 1926 Edward Powys Mathers alianza kuwatungia wasomaji wa The Observer kwa jina la Torquemada, yule mkuu wa mahakama ya kidini ya Uhispania aliyesifika kwa ukatili. Alipofariki mwaka 1939 akarithiwa na Ximenes, kisha mwaka 1972 akaja Azed. Wote watatu walijichagulia majina ya wakuu wa mahakama ileile, na Azed ni Deza aliyesomwa kutoka nyuma. Nilipogundua kwamba hata jina la mtunzi ni fumbo, niliona nimefika nyumbani.

Nyumbani, ila mlango umefungwa. Sikuweza kufumbua hata kimoja.

Nikajiunga na kundi la wafumbuzi nikidhani ndiko nitakakosaidiwa. Alikuwemo bingwa. Fumbo likitoka asubuhi, mimi sijamaliza hata kusoma kidokezo cha kwanza, yeye ameshamwaga majibu yote. Majibu matupu. Ukimuuliza limetokaje, anajibu: "Ni wazi." Nikauliza tena siku nyingine, kwa adabu zote. Akasema kuna watu wangebaki tu na ile miraba ya kutafuta majina ya wanyama. Kundi zima likacheka, na mimi nikaweka kikaragosi cha kicheko ili nisionekane nimeumia. Niliumia. Mpaka leo nikiona mtu kaandika "ni wazi" chini ya kidokezo, mkono unaniwasha.

Miezi iliyofuata siisimulii, haina utamu. Niseme tu nilichokifanya, kwa sababu ndiyo njia ninayowashauri wote wanaoniuliza waanzie wapi. Niliacha kufumbua. Nilikuwa nachukua fumbo la jana pamoja na majibu yake, nakaa nayo, natafuta njia. Jibu ninalo, sababu sina. Kidokezo kimoja naweza kukaa nacho jioni nzima mpaka kila neno lijieleze: wewe ni fasili, wewe ni herufi, wewe ni amri ya kupangua, wewe ni kiungo tu. Asiyeweza kufumbua aanze kwa kueleza. Wengi wanataka kinyume chake, wafumbue kwanza kisha siku wakiwa na nafasi ndipo waeleze, na ndiyo maana wanaganda pale pale mwaka baada ya mwaka.

Chukua hiki: "Mfalme wa porini kajificha katika nyasi mbaya (5)". Mtu anaandika SIMBA bila kufikiri, kwa sababu mfalme wa porini nani asiyemjua? Muulize "nyasi mbaya" zina kazi gani, atakwambia simba hukaa majanini. Ndugu yangu, angalia herufi: nyaSI MBAya. Simba yumo humo, amelala katikati ya maneno mawili, na "kajificha katika" ndiyo amri iliyokuambia utafute. Aliyejibu kwa kukisia na aliyemwona mnyama mwenyewe wameandika herufi zilezile tano, lakini kesho, kidokezo kikiwa hakina mfalme wala pori, mmoja wao atabaki anatazama dari.

Au hiki: "Kitu kilichomeza herufi ya kwanza huvaliwa mguuni (5)". KITU kimemeza A, herufi ya kwanza ya alfabeti: KI(A)TU. Fasili ni "huvaliwa mguuni". Hesabu maneno. Limebaki lolote? Hapana. Basi lala usingizi.

Kuhesabu kila neno si ukali wangu binafsi. Mtunzi mmoja wa Kiingereza, A. F. Ritchie, aliyejiita Afrit, aliweka sheria hiyo mwaka 1949: mtunzi halazimiki kumaanisha anachokisema, lakini analazimika kukisema anachokimaanisha. Ximenes naye akaishikilia na kuifafanua katika kitabu chake cha mwaka 1966, na hadi leo watunzi wanagawanyika kati ya wanaomfuata kikamilifu na wanaojipa uhuru kidogo. Mimi namfuata. Uhuru wa mtunzi mara nyingi hulipwa na msomaji. Mtunzi akidanganya kwa maana lakini akawa mkweli kwa herufi, amekutendea haki. Akiweka neno lisilo na kazi ili sentensi ipendeze, amekuibia muda wako.

Dalili nyingine utazizoea ukiendelea. Ukikuta kitu kimevurugika, kimelewa, kimeparaganyika au kimetibuka, jua kuna herufi za kupanguliwa jirani yake. "Samaki waliovurugika wakati wa mvua (6)" ni MASIKA, herufi za SAMAKI zikiwa zimepanguliwa. Neno hili samaki lina baraka zake, maana herufi hizohizo sita zinatoa pia KAMASI na MIKASA. Mtunzi mvivu anaweza kula hapo mwaka mzima. Ila neno la kupanguliwa lazima lionekane kwenye kidokezo. Ukiandika "kitoweo kilichovurugika" ukitegemea mtu akisie kwanza kuwa ni samaki, kisha apangue alichokisia, hilo shule ya Ximenes imelipiga marufuku, na mimi nalipiga marufuku mara ya pili.

Kitu kikigeuka, soma kutoka nyuma: "Dosari ya Ali aliyegeuka (3)" ni ILA. Kikikatwa kichwa, ondoa herufi ya kwanza: "Mwalimu akikatwa kichwa, hawa hufundisha (6)", (M)WALIMU. Na mara nyingine hakuna mchezo wa herufi kabisa, bali fasili mbili zimewekwa bega kwa bega: "Mnyama aliye juu ya nyumba (3)". Huyo ni PAA, mara mbili.

Nilipoona nimeiva, nikaanza kutunga kwa Kiswahili. Nikakusanya vidokezo vyangu bora, kila kimoja na maelezo yake chini, nikavipeleka kwa mhariri wa gazeti moja. Majibu yakaja mafupi: Kiswahili hakifai kwa mchezo huu, ulete vitendawili. Sikujibu. Ningejibu nini? Lugha ambayo mshairi Muyaka bin Haji alikuwa akiwafumbia watu wa Mombasa mwanzoni mwa karne ya 19, leo haifai kwa fumbo? Nimelimeza, lakini halijashuka.

Na kwa kuwa hapa mhariri ni mimi, niseme Kiswahili kinatoa nini. Kwanza, ni kweli kuna mlango uliofungwa. Kiingereza kina vidokezo vingi vya sauti, maneno mawili yanayotamkwa sawa na kuandikwa tofauti. Sisi tunaandika tunavyotamka, kwa hiyo usipoteze muda kuvitafuta. Badala yake tuna maneno yanayoandikwa na kutamkwa sawa huku maana zikiwa mbalimbali: paa, kaa, panda, kata. Tuna silabi zilizo wazi kiasi kwamba unaweza kuzigeuza nzima nzima: LIMA inakuwa MALI, TATU inakuwa TUTA. Na tuna ngeli.

Ngeli ndizo shule yangu kubwa, na sijaona mtu mwingine akizisema kwa habari ya kriptiki. Kiambishi kinamfichua mtunzi. Nikiandika "kinavaliwa", nimekwambia jibu linaanza na ki- au ch-, nusu ya kazi nimekufanyia. Ndiyo maana niliandika "huvaliwa". Ile hu- haina ngeli, inamkubali mtu, kiatu, mti na bahari bila kuuliza. Kwa hiyo ukikutana na hu- mwanzoni au mwishoni mwa kidokezo, simama. Uwezekano ni mkubwa kwamba umeishika fasili, na kwamba mtunzi ameivalisha hu- makusudi. Na upatanisho ukiona hauelekei kwenye neno unalolidhania, usimlaumu mtunzi kwa sarufi mbovu. Ameupatanisha na neno jingine, wewe ndiye hujaliona.

Sasa kuhusu kueleza kwenyewe, kwa kuwa ndiko swali lilikotokea. Andika fasili kwanza, uitenge. Kisha andika vipande kwa herufi kubwa kwa mpangilio wake, zilizotupwa au zilizomezwa uziweke kwenye mabano. Kisha rudi kwenye kidokezo uguse kila neno kwa kidole. Likibaki moja lisilo na kazi, hujamaliza, hata kama herufi zote zinakubali, hata kama una uhakika, hata kama kundi zima limeandika jibu hilohilo. Viungo kama "ya", "ni" au "aliye" vinaruhusiwa kuunganisha pande mbili, lakini navyo vitaje. Na "ni" ichunguze mara mbili, umeshaona ilivyomfanya mwenzako.

Wapo watakaokwambia kueleza kunaua utamu, kwamba raha ni kasi. Watakuletea kisa cha Januari 1942, gazeti la Daily Telegraph lilipoandaa shindano la kumaliza fumbo ndani ya dakika 12, na baadhi ya walioshiriki wakaitwa kufanya kazi ya siri Bletchley Park, kuvunja misimbo ya Wajerumani. Kisa ni cha kweli. Lakini jiulize, huko Bletchley walikuwa wanaulizwa "umemaliza kwa dakika ngapi" au "una hakika gani"? Mvunja msimbo anayekisia bila kuweza kuonyesha njia yake ni hatari kwa wenzake. Kasi acha ije yenyewe. Wewe tafuta kuwa mtu ambaye mgeni akimuuliza "limetokaje", anapata maelezo na si dharau. Tumekuwa watu wa kuficha tunachokijua ili tuonekane warefu, na si kwenye mafumbo tu. Maofisini ni hivyohivyo, madarasani ni hivyohivyo. Anayejua akieleza hapungukiwi. Nasema hivi kwa sababu nimekaa upande wa pili wa lile "ni wazi", na najua linavyosikika kutoka huko.

Yule bingwa, nimeambiwa, siku hizi husoma maelezo yangu. Hajawahi kuandika neno. Sisubiri aandike.

Haya, cha wiki hii ni kimoja tu: "Husomwa nusu ya kisa, kisha shida (6)". Nitumieni maelezo, kila neno na kazi yake. Atakayeleta jibu tupu nitamrudishia.