Usiuze mchoro, uza haki ya kuutumia

Umeuliza kama mchoraji wa kujitegemea anaweza kuishi kwa kalamu yake bila kuajiriwa. Anaweza, ila asitegemee picha za sura za watu pekee; hizo huja kwa msimu.

Pesa inayoendelea iko kwenye haki. Niliwahi kuchora jalada la kitabu cha watoto, mtoto kapanda mwembe, nikalipwa mara moja nikafurahi. Mwaka uliofuata nikamkuta mtoto yuleyule kwenye kalenda ukutani dukani. Nilikuwa nimesaini kuwa nawauzia "haki zote", basi sikuwa na la kudai. Iliniuma sana. Sasa naandika: jalada tu, toleo la kwanza, miaka mitatu. Wakitaka kalenda au fulana, tunazungumza upya. Kwa Tanzania Bara sheria iko upande wako: Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda kazi maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Sajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, upate ushahidi.

Nusu ya malipo iingie kwenye simu kabla hujagusa penseli, na marekebisho yawe mawili. La tatu linalipiwa. Ndugu na marafiki pia, tafadhali.

Kazi zipo kwa wachapishaji wa vitabu vya shule, mashirika yanayotaka mabango ya afya, na kadi za harusi. Mimi ningeanza na mashirika: mara nyingi yanahitaji michoro mingi kwa mkupuo na mkataba huwa wa maandishi.