Sheria ya Jante ilikuwa shutuma, si sifa

Ndugu, umesema Sheria ya Jante, yaani ule mwiko wa kujiona bora kuliko wengine, ndiyo iliyoleta usawa Denmark, Norway na Sweden. Mimi naona umeipa sifa isiyo yake. Aksel Sandemose, mzaliwa wa Denmark aliyehamia Norway, aliiandika katika riwaya yake ya mwaka 1933 kwa uchungu. Jante ni mji wa kubuni, lakini aliuchora kwa kuutazama Nykøbing Mors, mji mdogo alikozaliwa. Amri zake kumi zinaanza na hii: usidhani kuwa wewe ni mtu wa maana. Hapo hakuna anayefundishwa unyenyekevu. Watu wanabanana wenyewe kwa wenyewe, na aliyebanwa jana leo anambana mwenzake.

Usawa wao ulijengwa na vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu, kodi kubwa, shule na hospitali za umma. Kutojikweza kunasaidia, sikatai: bosi huitwa kwa jina lake tu, na tajiri hajionyeshi ovyo. Ila macho ya jirani hayalali. Norway kipato cha mtu na kodi anayotozwa ni taarifa za wazi, na watu walikuwa wakichunguliana mno mtandaoni. Tangu 2014 anayechunguliwa anaweza kuona ni nani aliyemtafuta, na upekuzi ukapungua sana.

Ninaowahurumia ni watoto wenye vipaji. Wengine hujifunza mapema kuficha wanachokiweza, na hakuna takwimu itakayotuonyesha kilichopotea.