Anayefanya Mtihani ni Nani, Mama, Wewe au Mwanao?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pasua, Moshi, nauza mitumba pale soko la Memorial. Kijana wetu wa kwanza yupo kidato cha nne na Novemba tunafanya mtihani. Nimejinyima kila kitu kwa ajili yake: twisheni tatu, ya Hesabu, ya Fizikia na ya Kiingereza. Namwamsha saa tisa usiku asome. Simu nimemnyang'anya, na namnunulia vile vinywaji vya kuongeza nguvu asisinzie. Mwaka jana mtoto wa wifi yangu alipata divisheni wani ya pointi kumi na mbili, ukweni hawajanyamaza mpaka leo. Shida ni mume wangu. Kila Jumamosi anamchukua mtoto kwenda kwao Uru kukata majani ya ng'ombe wa mama yake. Wiki iliyopita mtoto alirudi kutoka huko, akala sahani mbili za kiburu, akalala saa mbili usiku bila kugusa daftari. Nikisema, baba yake ananijibu "muache mtoto". Siku ya moko, mtihani wa majaribio, wa Hesabu mtoto alitapika chai yote mlangoni, na sasa kichwa kinamuuma kila siku. Juzi alimuuliza baba yake kama akifeli anaweza kwenda kuishi kwa bibi. Wakacheka. Mimi sikucheka. Shangazi, nimfanyeje mume huyu aone uzito wa jambo hili?*
*Mama Aliyechoka, Moshi*

Marahaba, mama. Pole kwa uchovu. Kufungua robota alfajiri pale Memorial na baridi ya Moshi si mchezo, na ada haisubiri biashara ichangamke. Pole yangu inaishia hapo.

Sasa rudi uisome barua yako. "Novemba tunafanya mtihani." Tunafanya, wewe na nani? Baraza la Mitihani limemsajili mtoto mmoja kwa namba moja, na kwenye dawati lake hakuna kiti cha mama. Halafu angalia mpangilio wako: wifi ametangulia, kutapika kwa mwanao kumekuja baadaye. Na swali lako la mwisho halimhusu mtoto hata kidogo. Hujaniuliza "nimsaidieje mwanangu", umeniuliza "nimfanyeje mume". Mama, hapo unashindana na ukweni, na huyo kijana ndiye umemtanguliza ulingoni.

Mume wako namtetea waziwazi, akasirike atakayekasirika. Umeandika kama mtu anayesoma mashtaka: alirudi, akala sahani mbili za kiburu, akalala saa mbili usiku. Mimi niliposoma hapo nilishusha pumzi. Mtoto anayetapika chai kwako, kwa baba yake anamaliza sahani mbili na kuongeza usingizi! Siku nzima ameshika panga, ameinama kwenye kihamba, shamba la ukoo, kaongea habari za ng'ombe na bibi yake, hakuna aliyetamka neno divisheni. Wewe unaiita siku iliyopotea. Kwa hesabu yangu hiyo ndiyo dawa pekee anayopewa kwa wiki, na daktari wake ni huyo unayetaka nikusaidie kumkemea.

Kosa la mwenzio nalo lipo. Anasema "muache mtoto", kisha ananyamaza. Maneno mawili hayamtoshi mke aliyejaa hofu. Angekaa nawe jioni moja akakueleza anachokiona, barua hii usingeiandika. Lakini ndivyo ndoa zetu za siku hizi zilivyo. Mama amekuwa wizara ya elimu, baba wizara ya fedha, na kila wizara inapeleka malalamiko kwa mtoto. Zamani mke na mume waligombana juu ya shamba na mahari, mtoto akiwa nje anacheza. Sasa tunagombania matokeo ya mtoto, na matokeo yenyewe tunayabandika kwenye grupu la wazazi kabla hata mwenye matokeo hajayaona. Mume akishauri, tunasikia uvivu. Mama mkwe akiwa na ng'ombe, tunasikia uchawi. Basi niishie hapo nisije nikahubiri mpaka kesho.

Turudi kwenye saa tisa usiku. Umeniambia anaamka lini, hukuniambia analala lini, na hilo nalo nimeliona. Nimepiga hesabu mwenyewe. Twisheni, chakula, madaftari, hawezi kuwa kitandani kabla ya saa nne. Huo ni usingizi wa saa tano. Kijana wa umri wake anahitaji kati ya saa 8 na 10, kwa sababu ni usingizini ndipo ubongo unapoyapanga yale aliyosoma mchana. Ukimwamsha karani kabla hajamaliza kupanga mafaili, asubuhi utayakuta yote sakafuni. Kisha unamwagia hivyo vinywaji, ambavyo ni kafeini na sukari. Moyo unadunda, tumbo tupu linachafuka, usiku unaofuata usingizi unakataa. Nami sisemi kwa kuwa ni mjuzi. Binti yangu nilimfanyia hivyohivyo, akasinzia ndani ya mtihani wa Jiografia. Alizinduka mate yamelowesha swali la ramani, msimamizi akiwa amebakiza nusu saa. Amenihadithia hilo akiwa na watoto wake wawili.

Kichwa na kutapika kapime kwanza. Malaria ipo, vidonda vya tumbo vipo, na hospitali ya Mawenzi si mbali na Pasua. Usije ukasema Shangazi alinidanganya kuwa ni woga tu. Vipimo vikiwa safi, basi huenda ni woga, na woga una mwenyewe aliyeupanda.

Lakini neno lililoninyima raha ni lile walilolicheka wenzako. Akifeli aende kuishi kwa bibi. Huo si utani. Mtoto huyo anatafuta pa kukimbilia, kwa sababu kwa jinsi anavyoelewa yeye, nyumba yako ina kiingilio na kiingilio chake ni divisheni wani. Usiku huu huu, kabla ya chakula, mwambie kwa mdomo wako kwamba Januari matokeo yakitoka vyovyote vile, kitanda chake kipo palepale. Usiongeze "lakini". Najua "lakini" itakuwasha ulimini, imeze. Na ikitokea siku akasema hataki kuishi, au akajifungia na kukataa kuongea, hapo usiniandikie barua mimi. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, au mpigie simu ya watoto, 116, ni bure.

Unaogopa nini hasa? Tuuite kwa jina. Unaogopa sifuri. Sawa. Kumbuka mwaka 2013, matokeo ya kidato cha nne yalipotangazwa mabaya mpaka nchi ikashtuka, Serikali ikayafuta, yakapangwa upya na kutangazwa tena. Kuna watoto waliolia Februari wakakuta wana divisheni kabla mwaka haujafika katikati. Wazazi waliowafukuza nyumbani walibaki na sura gani? Divisheni yenyewe huhesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. C inaanzia alama 45, na wani inakwenda mpaka pointi 17. Hakuna mahali palipoandikwa ilingane na ya binamu yake. Akipungukiwa, atarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, au ataingia chuo cha ufundi cha VETA, kipo hapohapo Moshi, na mafundi umeme ninaowajua mimi hawanikopi pesa.

Twisheni mbili zifute wiki hii. Abaki na moja, achague mwenyewe, na akichagua ambayo wewe huipendi unyamaze. Hata ng'ombe hanenepi siku ya mnada, na robota ukishalifungua pale Memorial huwa huligombezi ili nguo zigeuke za gredi ya kwanza. Unazikung'uta, unazinyoosha, unazitundika vizuri. Miezi hii iliyobaki ndiyo kazi yake hiyo, kunyoosha kilichopo.

Atalala saa tatu na nusu na kuamka saa kumi na moja na nusu. Akisoma, asikae anayapitishia macho madaftari yaleyale mpaka yamchoshe. Afunge daftari, aandike anachokumbuka, kisha afungue aone alichosahau. Siku tatu baadaye arudie. Mara moja kwa wiki achukue mtihani wa miaka iliyopita, aketi kwa muda wa saa 3 nzima na saa ya ukutani mbele yake, bila daftari, bila mama mlangoni. Woga wa chumba cha mtihani unapungua mtu anapokizoea chumba chenyewe, na ninyi mnaweza kukitengeneza sebuleni kwa meza na kiti. Baba yake awe msimamizi. Ataipenda kazi hiyo, kwa kuwa msimamizi haruhusiwi kuongea.

Simu mrudishie jioni kwa nusu saa. Atakuwa na wenzake wanaoogopa kama yeye, na wakiogopa pamoja watacheka. Vinywaji vile mpe dada wa dukani avirudishe, na asubuhi ya mtihani usimlazimishe chai. Uji mwepesi au ndizi moja inatosha. Mtori wako autakuta mchana, na akiukuta usimuulize swali la tano lilikuwaje. Karatasi ikishakusanywa imekwenda.

Kuhusu wifi yako sina la kukusaidia. Mtoto wake amefanya vizuri, mpe hongera, umalize. Kama hukumpa mwaka jana, na nahisi hukumpa, mpigie kesho. Utashangaa ukweni kutakavyotulia.

Na Jumamosi hii funga meza yako mapema, panda nao daladala ya Uru. Usibebe daftari lolote kwenye kikapu. Mama mkwe wako hawezi kukosa panga la pili.