FUNDI ANAJIBU: Karavani Nyuma, Geilo Tutafika?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi na mume wangu tunaishi Oslo. Tumenunua karavani iliyotumika, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, na ikijaa vitu ina kama kilo 1,400. Gari letu ni la umeme, Tesla Model Y ya betri kubwa, ambalo wakati wa kiangazi, likiwa peke yake, linatupeleka kilomita mia nne na kitu bila wasiwasi. Aliyetuuzia alisema lina uwezo wa kuvuta kilo 1,600, kwa hiyo tusiwe na shaka. Jirani anasema hata Hønefoss hatutafika. Mume wangu ameshaanza kutoa masufuria na viti ili karavani iwe nyepesi. Tunataka kwenda Geilo, kule milimani, mwezi wa saba na watoto wetu wawili. Nani mkweli? – Mama watoto, Oslo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza mwambie baba watoto arudishe masufuria. Mtayahitaji.

Muuzaji hakukudanganya, ila alijibu swali ambalo hukumuuliza. Kilo 1,600 ni kikomo cha uzito ambao gari hilo linaruhusiwa kuvuta, na hapo trela liwe na breki zake lenyewe. Habari ya kufika au kutofika haimo humo. Jirani naye katia chumvi. Hønefoss ni mwendo wa kilomita sitini, mtapita pale chaji ikiwa bado nyingi.

Nitakupigia hesabu kwa uniti, zile zile wanazonunua ndugu zetu nyumbani kwa tokeni. Uniti moja ndiyo kilowati-saa moja. Betri yenu ina kama uniti 75 za kutumia. Gari peke yake, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hula uniti 14 au 15 kila kilomita 100. Magurudumu ya karavani ya kilo 1,400 yakibingirika kwenye lami kavu ya tambarare huongeza kama uniti nne. Nne tu. Sasa tazama uso wa karavani: upana zaidi ya mita mbili, kimo mita mbili na nusu, na sehemu kubwa imejitokeza juu ya paa la gari. Kuupitisha uso huo hewani, kwa mwendo ule ule, huongeza uniti 15 hadi 20. Ni kuendesha baiskeli huku umefungua mwavuli mbele yako.

Jumlisha zote, weka 35 kichwani. Sabini na tano gawanya kwa 35, unapata mbili na kidogo, na kila moja ni kilomita 100, kwa hiyo ni kilomita mia mbili na kidogo. Yaani nusu ya mlizozoea. Mumeo akitoa vyombo vya kilo 100 ataokoa robo ya uniti hivi kwa kila kilomita 100, na robo hiyo haiwasogezi hata kilomita moja mbele.

Mwaka 2022 jarida la MotorTrend la Marekani lilifungia pikapu ya umeme ya Ford F-150 Lightning matrela matatu, moja baada ya jingine. Gari hilo kwa vipimo rasmi linahesabiwa maili 300 kwa chaji moja. Kwa trela la tani 1.4 lilikwenda maili 115, kwa la tani 2.4 maili 100, na kwa la tani 3.3 maili 90. Uzito umezidi mara mbili, umbali umepungua kwa maili 25 tu. Pigo kubwa lilikuwa pale pale mwanzo, trela la kwanza lilipofungwa nyuma.

Ndiyo maana wateja wangu wa karakana wenye trela dogo la wazi, la kubebea kuni au taka za bustani, hawaji kulalamika. Likiwa chini ya mgongo wa gari, hewa inalipita juu. Mimi mwenyewe ninalo moja la aina hiyo, na kwa safari za mjini sijali hata kuangalia namba.

Mwendo sasa, kwa sababu hapo ndipo penye faida. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 80 ukaenda 100, upepo unakaza kwa zaidi ya nusu. Norway sheria imeshawasaidia, mwisho wa gari lenye trela ni 80. Mkivuka mpaka siku moja mkafika Ujerumani, ambako karavani iliyopewa kibali cha 100 inaruhusiwa kufika huko kwenye barabara kuu, mumeo atashawishika. Kaa kiti cha pembeni, umshike mkono.

Uzito una siku yake, nayo ni siku ya mlima. Geilo iko kama mita 800 juu ya bahari. Gari, karavani, ninyi wanne na mizigo ni tani tatu na nusu na zaidi, na kupandisha tani hizo mita 800 kunadai uniti nane, ukiweka na hasara ya njiani, tisa. Safari nzima ni zaidi kidogo ya kilomita 200, kwa hiyo uniti 75 hazitoshi kufika bila kusimama. Sehemu ya hizo tisa mtarudishiwa mkishuka, maana mota ikishika breki inageuka jenereta. Msiteremke kutoka kilele chochote na betri iliyojaa pomoni, kwa sababu hapo umeme wa breki hauna pa kwenda, na kazi yote inaangukia breki za kawaida.

Kwa hiyo ondokeni Oslo na chaji kamili, simameni Flå au Nesbyen, miji ya njiani, mkale, na msisubiri hadi Gol iliyo mbele zaidi kwa sababu eti asilimia bado zipo. Model Y ina tundu la kuchajia nyuma upande wa kushoto, na vituo vingi vimepangwa ili gari lirudi kinyumenyume. Karavani itaziba njia. Mtalazimika kuifungua, kuiacha mahali pa kuegesha, kuchaji, kisha kuifunga tena. Watoto wakiwa na njaa dakika hizo zinakuwa ndefu, basi chakula kitangulie. Kwenye skrini, hakikisheni hali ya trela imewaka, na upepo wa matairi ya vyote viwili mpime asubuhi kabla ya kutoka.

Kuna jambo hujauliza. Gari na karavani, kwa uzito unaoruhusiwa kwenye kadi zake za usajili, vikizidi kilo 3,500 kwa pamoja, leseni ya B, ile ya gari dogo, peke yake haitoshi. Anayeendesha awe na nyongeza ya leseni iitwayo 96, inayofika kilo 4,250. Angalieni kadi leo, si siku ya safari.

Na jirani akiendelea kusifia dizeli yake, mpe hili. Lita moja ya dizeli ina kama uniti 10 ndani yake. Betri yenu nzima ni lita saba na nusu. Gari lake likivuta karavani nalo hula karibu maradufu, lakini ana tangi la lita sitini, kwa hiyo hasikii. Ninyi mnasafiri na kidumu, na bado mnakaribia Geilo, kwa sababu mota ya umeme hupeleka magurudumuni karibu tisa ya kumi ya inachopewa, na injini yake hutupa zaidi ya nusu kama joto. Hapo atanyamaza kidogo.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina gari la umeme, Nissan Leaf iliyotoka Japani. Nataka kuiwekea ndoano nivute trela la viazi, nusu tani, kutoka Molo hadi Nakuru, huku Kenya. Kwa kuwa nikiwa na mzigo nateremka tu, si umeme utajirudisha wenyewe? – Mkulima, Molo

JIBU: Salama, ndugu yangu. Umewaza vizuri, lakini hesabu yake ni ndogo. Nusu tani ikishuka mita 600 inaachia umeme usiofika uniti moja, hata kabla ya hasara. Tena viazi vikishauzwa, trela tupu utalirudisha Molo ukipanda.

Hata faida ingekuwa kubwa, ningekukataza. Nissan haikuidhinisha Leaf kama hiyo yako kuvuta chochote. Fundi wa kuchomelea atakufungia ndoano kwa mchana mmoja, sikatai, ila siku mzigo utakapolisukuma gari kwenye kona, bima itauliza nani aliruhusu. Betri yake nayo haina maji ya kupozea, inategemea hewa tu, na kupanda na kushuka milima kila siku kunaipasha moto unaoizeesha mapema.

Laza viti vya nyuma, pakia magunia machache ndani, ukipima usizidi uzito ulioandikwa kwenye nguzo ya mlango. Yanayobaki, mkodi mwenye pikapu ayabebe.