Mtoto Juu ya Mwezi: Kupiga Picha ya Kuigiza ya Kizamani

Picha za watu waliokalia mwezi wa kuchongwa zilivuma Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Ukitaka ya mwanao hapa Kampala, tafuta plaiwudi na shuka. Kompyuta iache izime.

Mwezi usibebe mtu. Hapo ndipo wengi hukosea. Seremala akate hilali ya plaiwudi ya milimita 9, kimo mita 1.5, aisimamishe kwa miguu miwili ya nyuma mbele ya benchi imara. Mtoto anakalia benchi, miguu inaning'inia upande wa mbele. Pale anapokaa, ukingo wa mwezi uwe juu ya kikalio kwa sentimita 3 hivi. Benchi ikichungulia, macho yote yataenda huko. Piga msasa mpaka kiganja kipite bila kukwama, maana kibanzi kimoja cha paja kinamaliza kazi ya siku nzima.

Kazi kubwa iko kwenye rangi. Mwezi mweupe pe unaidanganya kamera: inapunguza mwanga, na uso wa mtoto mweusi unazama gizani. Paka rangi ya maziwa yenye chai kidogo, kisha pima mwanga usoni, si kwenye mwezi. Pazia la nyuma nalo lisiwe jeusi tupu, litameza nywele. Changanya kijivu kizito. Shuka mbili za pamba za mitumba kutoka soko la Owino zikiunganishwa zinatosha. Zipige pasi kwanza, kwani mkunjo mmoja angani unaonekana kuliko nyota zote ulizochora.

Mtoto akae mita 1.5 mbele ya pazia ili kivuli chake kiangukie sakafuni. Tumia mwanga wa barazani asubuhi, wa ubavuni, bila flashi.

Kasi ya shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga, ya 1/125 ya sekunde inatosha kwa mtoto aliyetulia. Kasi ndogo huumbua: mwaka 1917 huko Cottingley, Uingereza, Elsie Wright na binamu yake Frances Griffiths walipiga picha na vibwengo wa karatasi waliosimamishwa kwa pini za kofia. Katika picha ya kwanza, maporomoko ya maji nyuma yalitoka kama ukungu, lakini mabawa ya vibwengo "wanaocheza" yakatoka makali kama wembe. Arthur Conan Doyle, mwandishi wa Sherlock Holmes, aliamini hata hivyo. Mabinamu wenyewe walikiri mwaka 1983.

Ukining'iniza na nyota za karatasi, zifunge kwa uzi mweusi, na feni uizime zisitikisike zikatoka kama ukungu.