Papi ni kazi ya kijana, mzee mpeni mbwa aliyekomaa

Mmeuliza wiki hii kama ni poa kuwanunulia wazazi waliozeeka papi, yaani mtoto wa mbwa, ndio wasikae wapweke. Hiyo ndiyo vita iko kwa grupu yetu ya WhatsApp ya familia saa hii. Mama ako Buruburu peke yake tangu mzee atuache, ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua, na dada yangu amepata mtu Kitengela anauza papi wa Jamani shepadi basi kila asubuhi tunaamka na mapicha. Mimi nimesema mbwa sawa, papi hapana.

Watu huona ile sura tu wakasahau kazi. Papi wa wiki 8 anakojoa popote, analia usiku, anatafuna slipa na waya ya chaja, na lazima atolewe nje kila baada ya masaa machache hata kama ni saa tisa usiku. Sasa nani atamtoa, dada yangu anayeishi Rongai na huonekana Buru Jumapili moja moja akilalamika jam? Bado sindano. Chanjo zinaanza akiwa wiki 6 ama 8, zinarudiwa kila wiki tatu nne hivi mpaka afikishe kama wiki 16, na ukiruka hizo unacheza na parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara damu unaomaliza papi kwa siku chache tu. Kuna ya kichaa cha mbwa akifika miezi 3, hiyo haiishi, inarudiwa maisha yake yote, na dawa ya minyoo kila wiki mbili akiwa bado mdogo. Hebu niambieni mama ataingia matatu gani akiwa amebeba kitu kinapiga mateke.

Lakini kinachoniogopesha zaidi ni kuanguka. CDC, shirika la serikali ya Marekani la afya ya umma, walitoa hesabu 2009, watu zaidi ya 86,000 kila mwaka huko kwao walikuwa wanapelekwa emajensi juu ya kuanguka kwa sababu ya mbwa na paka, wengi ni mbwa, na ukiangalia kwa umri wazee wa 75 kwenda juu ndio waliokuwa wanaumia sana. Papi hukaa miguuni, ndio tabia yake. Na huyo shepadi mwaka mmoja ukiisha ni kilo 30 anavuta kamba, mama akivunjika nyonga tutaanza kuulizana nani alileta mbwa.

Sasa mbwa aliyekomaa ni maneno mengine. Kuna mzee jirani ya mama, alistaafu kitambo, alichukua mbwa wa familia fulani iliyokuwa inahama nje ya nchi, mbwa koko tu wa saizi ya kati, ameshatulia, anajua kukaa akiambiwa. Kila asubuhi wanaenda pamoja kuchukua gazeti, na ukiangalia vizuri si mbwa anayemwondolea upweke, ni watu. Mama wa kibanda cha mboga anamuuliza Simba amekula nini, watoto wa shule wanamsalimia Simba ndio wanamsalimia guka, soja wa geti naye lazima atoe story. Kabla ya huyo mbwa huyo mzee alikuwa anashinda ndani na redio.

Kama mnatafuta wa hivyo, KSPCA, lile shirika la kutetea wanyama kule Karen, huwa na mbwa wakubwa wanaongoja kuchukuliwa, na mtu anaweza kwenda na mzazi wake akachagua mwenyewe. Wa miaka mitatu minne hivi, ambaye amefungwa kizazi, na asiwe na nguvu kumshinda mwenye kamba.

Ila ulizeni mzazi kwanza jameni! Kizazi cha mama kinajua mbwa ni wa nje, analala bandani, anakula ugali na omena, kazi yake ni kubweka. Nilipomuuliza mama alicheka akasema kama tuna pesa ya kutupa tumjengee banda la kuku, angalau kuku anataga. Rafiki yangu wa Eastleigh naye hata hawezi kuanza hiyo story kwao, mate ya mbwa ni najisi na babake anaswali tano, wakamletea paka na mzee anampenda kupita wajukuu.

Kuna mambo mengine hatupendi kuyataja. Mbwa anaishi miaka 10 mpaka 13 hivi, kwa hivyo kabla aletwe mtu mmoja aseme kwa jina lake atamchukua siku mama akishindwa. Desemba mama akienda ocha nani anabaki kumlisha? Wezi wa hapa nao hurusha nyama ya sumu juu ya ukuta, na mjane kuzika tena si kitu kidogo, hiyo nimeiandika kwa grupu na hakuna aliyejibu.

Dada bado anatuma mapicha. Nimemwambia atume kwanza kwa M-Pesa ya mama pesa ya veti na chakula ya mwaka mzima, halafu tuongee.