Glavu zipo, hazivaliwi

SWALI: Nasimamia karakana ndogo ya kubangua korosho hapa Newala. Wabanguaji 18, wengi akina mama, wanalipwa kwa kilo. Glavu tumenunua na tangazo la faini tumebandika, lakini nikigeuka tu wamezivua au wamezikata ncha. Mikono inababuka. Tufanyeje wafuate utaratibu?
Msimamizi, Newala

JIBU: Ndugu msimamizi, kwanza toa hilo tangazo la faini. Umesema wanalipwa kwa kilo, na jibu lako limo humo. Glavu nene humpunguzia mbanguaji kasi na humzidishia vipande, na korosho nzima ndiyo yenye bei. Kwa hiyo anayevua anakwepa hasara.

Pima. Mtu mmoja abangue saa moja kwa glavu na saa moja bila glavu, korosho za gunia lilelile. Tuseme bila glavu anatoa kilo 1 na kwa glavu gramu 900: basi panga malipo ya kilo ili anayevaa asipungukiwe. Pasipo hilo, semina haitasaidia.

Kisha waulize kwa nini wanakata ncha. Mara nyingi ni yule anayechokoa kiini kwa sindano baada ya mashine kupasua ganda, maana asipokisikia kwa vidole anakivunja. Huyo mpe glavu nyembamba ya nitrili (aina ya mpira wa kiwandani) inayombana vizuri. Anayeshika korosho kwenye kisu apewe nzito zaidi. Leta saizi tofauti, wajaribu wiki moja, wachague wenyewe. Za pamba tupu usinunue: hufyonza mafuta ya maganda na kuyagandisha kwenye ngozi. Mafuta ya nyonyo wanayojipaka yanasaidia kidogo, lakini hayachukui nafasi ya glavu, na hufanya mpini wa mashine uteleze.

Wazoefu watakwambia mikono yao imeshazoea. Usilitegemee hilo. Mafuta ya maganda yana asidi inayounguza, na ngozi ya baadhi ya watu hujenga mzio, hivyo mguso unaofuata unaweza kuwasha zaidi ya uliotangulia. Waambie hivyo, ukiwa umevaa glavu mwenyewe mezani. Msimamizi anayepita mikono mitupu akionja korosho ameshafuta somo lote.

Zawadi ya "mwezi bila ajali" tunaikataa kabisa. Watu wataficha vidonda. Mpongeze anayeripoti glavu iliyotoboka, na umpe nyingine hapo hapo, bila kumkata mshahara. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, kinga ni jukumu la mwajiri. Sabuni na maji viwe karibu na meza, wanawe kabla ya kula na kabla ya kwenda chooni. Kwa macho, ngao ya plastiki ya uso haipati ukungu haraka kama miwani.

Ukaguzi ufanye saa sita mchana kwenye kikapu cha glavu. Iliyovaliwa tangu asubuhi itakuwa na madoa meusi ya mafuta. Ukikuta safi, kaa na mwenye nayo umuulize inambana wapi.